Bamba la meko lenye mwaka 1760: ligeuze kwanza utazame mgongo

Ndugu yangu, umeuliza kama bamba la chuma la kuwekwa nyuma ya moto wa meko, ulilonunua mnadani hapa Pennsylvania, Marekani, lenye maua ya tulipu na mwaka 1760, ni la kale kweli, na kama ulisafishe kwa tindikali. Tafadhali usiliguse kwa tindikali. Nimefanya kazi miaka 6 katika karakana ya kukarabati vifaa vya meko vya nyumba za enzi za ukoloni, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kuutazama mgongo, kwa kuwa mwaka ulioandikwa usoni unaweza kunakiliwa na yeyote.

Zamani fundi alichonga nakshi kwenye ubao, akaukandamiza katika mchanga wenye unyevu uliotandazwa kando ya tanuri, kisha chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika alama ile pasipo kufunikwa. Uso ulilala mchangani ukaipokea nakshi, ilhali mgongo ulipoa ukiwa wazi hewani. Ndiyo maana mgongo wa bamba la kale huwa na mabonde na matundu ya mapovu. Ukiukuta umenyooka, una michirizi ya mashine, shuku nakala. Pima pia: bamba la kale likitumiwa kutengenezea kalibu, yaani umbo la kumiminia chuma, nakala hutoka ndogo kidogo, kwani chuma cha kusubu hunywea takriban asilimia 1 kinapopoa, na nakshi hufifia.

Huenda pia lako halikusubiwa kwa ajili ya meko. Wajerumani wa Pennsylvania waliunganisha mabamba 5 yakawa jiko la sanduku lililotokeza ukutani, likitiwa kuni kupitia meko ya chumba cha pili. Majiko hayo yalipoachwa, baadhi ya mabamba yalihamishiwa nyuma ya moto ili kukinga matofali. Jumba la makumbusho la Mercer, mjini Doylestown, lina mengi ya namna hiyo, nenda ukalinganishe.

Niliwahi kuletewa bamba ambalo mwenyewe alikwisha kulipeleka likapigwa mchanga kwa mashine. Petali zilikuwa zimebaki vivimbe tu, na mistari ya nyuzi za ubao, iliyodumu juu ya chuma kwa zaidi ya miaka 200, ilikuwa imefutika kabisa. Iliniuma sana, maana hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Kwa hiyo ondoa masizi kwa brashi laini iliyo kavu, na kama hutaliweka motoni, lipake nta nyembamba. Kisha upige picha ya mgongo mwanga ukitokea ubavuni, uiweke hapa, nami nitakueleza ninachokiona.