Nina deni la kikoba: je, niikaribie Meza ya Bwana?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama usharikani kwetu. Nilikula fedha za wenzangu. Nilipobanwa nilikiri, nikaomba msamaha mbele ya kikundi, na sasa nalipa kidogo kidogo kila mwezi. Deni bado kubwa. Hakuna aliyenitenga, ila Jumapili ya Chakula cha Bwana mimi hubaki kwenye benchi, maana Paulo anaonya juu ya kula isivyostahili. Nimesema moyoni nitasogea nikishamaliza kulipa. Je, nafanya vyema?

JIBU: Asifiwe milele, mama. Kulipa unafanya vyema sana. Kubaki kwenye benchi, hapana.

Onyo hilo liko 1 Wakorintho 11:27, na watu wengi hulisoma peke yake. Rudi nyuma hadi mstari wa 21 uone kilichomkasirisha Paulo. Wakorintho walikuwa wakikutana kwa chakula, wenye uwezo wakatangulia kula vyao, hata mmoja akawa na njaa na mwingine amelewa, na wasio na kitu wakaaibishwa. Hiyo ndiyo hatia: kuila Meza ya Bwana huku unamdharau ndugu uliyekaa naye. Na dawa yake iko mstari wa 33: "mngojane". Tena mstari wa 28 unamtaka mtu ajihoji, "na hivyo aule mkate". Ajihoji kisha ale. Wewe umeshajihoji, umesimama katikati ya sehemu mbili za amri moja.

Najua utanirudisha kwenye Mathayo 5, pale Bwana anapomwambia mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na ndugu yake. Ni andiko zito, na kama ungekuwa unaficha daftari la kikundi hadi leo ningekuambia uanze na hilo. Lakini ulikwenda. Ulikiri, ukaomba msamaha, umeanza kurudisha. Bwana hakusema sadaka ingoje mpaka senti ya mwisho ilipwe.

Mtazame Zakayo, mkuu wa watoza ushuru pale Yeriko, ambaye naye alikula fedha za watu. Yesu alimwambia, "Shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Wakati huo Zakayo alikuwa hajarudisha hata kitu kimoja. Ahadi ya nusu ya mali kwa maskini, na ya kurudisha mara nne, aliitoa Mgeni akiwa tayari amempokea. Watu wa Yeriko walinung'unika kwa sababu walitaka mambo yaende kinyume chake: arudishe kwanza, halafu ndipo atembelewe. Wewe umejiwekea utaratibu wao.

Kuna mwingine ninayependa kumsoma katika 2 Samweli 9, Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli. Alianguka akiwa na miaka mitano, yaya wake alipokuwa akikimbia naye, akalemaa miguu yote miwili. Daudi alipomwita alijiita mbwa mfu. Hakuwa na sifa ya kumpeleka ikulu, na ukoo wake ndio uliomwinda Daudi. Aliketishwa mezani pa mfalme kwa ajili ya Yonathani baba yake, kwa agano ambalo yeye hakulifanya. Na sura ile inapofungwa inatukumbusha kwamba anakula pale daima, na bado ni kiwete. Hakuambiwa apone kwanza. Nasi tunakaribishwa kwa ajili ya Mwingine, kwa agano lililofanywa kwa damu yake.

Ndiyo maana Kanisa halijawahi kuwaita mezani watu wanaostahili. Ndugu zetu Wakatoliki, kabla tu ya kukomunika, wote husema, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu," maneno ya yule akida wa Kapernaumu, halafu husogea. Luther naye, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliandika kwamba kufunga na kujiandaa kimwili ni mazoezi mema, lakini anayestahili ni yule anayeyaamini maneno "kwa ajili yenu". Kama ulipita kipaimara kwetu, ulikariri hilo.

Tena, nasema hili na wazee wa kanisa wanisikie: sisi ni wepesi kumtenga binti aliyepata mimba, na wazito kumgusa mwanamume aliyempa hiyo mimba. Tukiisoma 1 Wakorintho 11 kwa uaminifu, hatujui itamwacha nani kwenye benchi.

Sasa deni. Neema haijalifuta, maana fedha zile ni za wale akina mama, nao wana watoto wa kulisha. Ukianza kuruka miezi kwa kisingizio kwamba Mungu ameshakusamehe, Paulo ana jibu fupi katika Warumi 6: "Hasha!" Lipa kama mlivyokubaliana. Mwezi ukiwa mgumu, nenda mwenyewe ukawaambie mapema kabla hawajakufuata.

Mweleze mchungaji wako haya wiki hii, kisha Jumapili ya Chakula cha Bwana inayofuata usogee pamoja na wenzako. Akitokea mama wa kikundi akakuuliza kwa nini umepokea na deni halijaisha, usimkasirikie; ana haki ya kuuliza. Mwonyeshe daftari la malipo.