Wanafunzi wenye hojaji wakija hotelini: wakubali, ila swali liwe lako

Dada uliyeuliza, umesema una gesti ndogo hapo Milimani, Kisumu, na kila mwaka wanafunzi wa utalii wanakujia na barua ya chuo wakitaka wageni wako wajaze hojaji. Ukauliza kama kuna mtu kwenye biashara hii aliyewahi kufaidika na utafiti wa vyuo vikuu, au kazi yetu ni kuwasaidia tu wapate shahada. Nilianza kama dereva na mwongozaji wa watalii Nakuru, sasa niko kwenye hoteli hapa Kisumu. Jibu langu ni kwamba tumefaidika, na sana. Lakini utafiti ulionisaidia kuliko wote haukuhusu hoteli hata kidogo. Ulihusu mwani.

Nakuru tulikuwa tunauza heroe, yaani flamingo. Ziwa la rangi ya waridi lilikuwa kwenye kila kalenda. Kisha kuanzia mwaka 2010 hivi maji yakapanda, yakameza barabara za mbugani, hata lango kuu likabidi lihamishwe, na heroe wakaadimika. Mgeni aliyelipia kuwaona anashuka garini anauliza wako wapi, na kila mwongozaji ana lake la kusema: uchafu wa mji, mvua, watarudi mwezi ujao. Waliokuwa na maelezo yanayoshikika ni watu wanaosoma maji ya maziwa, na Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro wapo jirani kabisa. Heroe wa aina ndogo hula hasa mwani uitwao Arthrospira, unaostawi kwenye maji ya magadi makali. Maji ya mvua yakizidi, magadi yanapoa ukali, mwani unapungua, ndege anafuata chakula kwingine. Mwaka 2024 watafiti wa King's College London na wenzao walichapisha vipimo vya setilaiti vya maziwa 22 ya Ethiopia, Kenya na Tanzania. Kati ya 2009 na 2022 eneo la Ziwa Nakuru liliongezeka kwa asilimia 91, na klorofili, ambayo ndiyo inayoonyesha wingi wa mwani, ikashuka kwa nusu.

Kwa mfanyabiashara, hizo ni habari za pesa. Ukishajua ni chakula kilichohama, huahidi tena kitu usichonacho. Tulianza kuuza Nakuru kwa vifaru na twiga wa Rothschild, na anayetaka heroe tukampanga apitie Bogoria, huku tukimwambia kabla hajalipa kwamba idadi yao inategemea hali ya maji. Malalamiko yalipungua. Tena wageni wengi wanapenda kuelezwa sababu. Wapo waliokaa ukingoni mwa ziwa wakiuliza maswali ya mwani mpaka jua likazama.

Msitu wa Kakamega ni hivyo hivyo. Profesa Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia amekuwa akifuatilia kima wa msitu ule tangu 1979, akifanya kazi na wasaidizi wa hapo hapo. Kima wanaofuatiliwa miaka yote hiyo wamezoea watu, mgeni anaweza kusimama chini ya mti akawatazama kwa utulivu. Na mwongozaji aliyekaa karibu na kazi kama hiyo anakupa maelezo ambayo huwezi kuyapata kwenye kipeperushi chochote. Hiyo ni bidhaa ya utalii iliyozaliwa na subira ya wanasayansi, na nasikitika kwamba hoteli zetu haziwaonyeshi wageni wao njia ya kwenda kule.

Hapa kwetu pia, ufukwe wa Dunga, watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno na Jaramogi Oginga Odinga walishirikiana na wenzao wa Gothenburg, Uswidi, kuendeleza utalii ikolojia ufukweni, pamoja na kuwaingiza wanawake kwenye kazi ya kuongoza wageni. Ukipita Dunga leo ukaongozwa na mwanamke anayewajua ndege wa kwenye mafunjo, hayo ni matunda. Ila watu wa ufukweni watakuambia pia kwamba wamehojiwa na wengi ambao hawakurudi kamwe kuwasomea walichokipata. Hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu muda wa mvuvi ni mali.

Sasa hojaji zako. Nyingi utakazoletewa zinatoka kwenye SERVQUAL, kipimo cha ubora wa huduma kilichotungwa na maprofesa watatu wa Marekani miaka ya 1980: maswali 22 katika mafungu matano. Kipimo chenyewe ni kizuri. Tatizo ni mazingira ya kukijaza. Mgeni anapewa karatasi mapokezi, mhudumu amesimama mbele yake, teksi inamngoja nje. Anaweka alama ya nne kila mahali na kuondoka. Yule aliyekasirika aliondoka asubuhi bila chai. Mwisho unapata ripoti inayosema wageni wameridhika, nawe ulishajua unachotaka kusikia.

Mwanafunzi aliyetusaidia hotelini tulimwomba kitu kingine. Wageni wetu wengi Kisumu ni Wakenya wa semina, harusi na mazishi, na bafe ya semina ndiyo inayokula faida yetu. Tukamwomba apime mabaki ya sahani za mchana kwa mizani, kila aina ya chakula kivyake, na aandike pia chai ya saa nne ya siku hiyo ilikuwa na nini. Mhadhiri wake akamfundisha namna ya kupanga vipimo ili siku zilinganishike. Ikaonekana wazi: siku ambazo chai ya saa nne ilikuwa na maandazi, soseji na mayai, wali na chapati za mchana zilitupwa kwa ndoo. Mpishi wetu alikuwa ameshuku, lakini wenye semina hawakubali neno la mpishi. Walikubali jedwali. Tukapunguza vitafunio vya saa nne, tukaweka matunda, na gharama ya jikoni ikashuka bila mgeni hata mmoja kulalamika njaa. Mwanafunzi alipata shahada yake pia.

Kwa hiyo usifunge mlango. Kabla ya kukubali, omba kuona barua ya chuo na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kisha mwambie swali lako liingie kwenye kazi yake, na nakala ya matokeo ibaki kwako kwa lugha ambayo wafanyakazi wako wataielewa. Namba za simu za wageni usimpe kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe mwenye gesti. Takwimu za kitaifa za watalii zisome, lakini hazitakuambia kwa nini vyumba vyako viko tupu Jumanne.

Jambo la mwisho ni wakati. Mwanafunzi akifika kwako, mada imeshapitishwa na msimamizi, na kuibadilisha ni vigumu. Peleka swali lako idarani mapema, kabla wanafunzi hawajaandika mapendekezo ya utafiti. Maseno hawako mbali, wanafundisha mambo haya, na wahadhiri wanatafuta maswali ya kweli. Ukitaka, liandike hapa jukwaani, tusaidiane kulipunguza mpaka liwe kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukipima kwa muhula mmoja.