Unataka kuuza kadi za wachezaji na saini ukiwa Moshi au Arusha? Anzia hapa

Kama una boksi la kadi (zile ndogo zenye picha za wachezaji zinazouzwa kwa pakiti) na saini ulizokusanya miaka na miaka na sasa unataka hela, usianze kwa kutafuta mteja, anza kwa kuzitenganisha. Mimi zangu zilianza kujikusanya tangu naanza kupandisha wageni mlimani, mgeni akijua unapenda basketi anakuachia pakiti, mwingine akifika kwao anakutumia bahasha, afu saini nikawa naziwinda mwenyewe kila Kilimanjaro Marathon pale uwanja wa Ushirika. Mwaka jana nikawa nimekwama kwenye kupaua na bati hazijinunui, nikasema sehemu kubwa iondoke.

Sasa kutenganisha maana yake nini. Chukua Hasheem Thabeet. Wote tunajua alivyotupa raha, 2009 kachaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA, pale timu za ligi ya basketi ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya, na Memphis Grizzlies, yaani mbele ya James Harden aliyekuwa namba 3 na Stephen Curry namba 7. Mtu ana kadi ya Thabeet ya msimu wake wa kwanza anaona kama ameshika hati ya kiwanja, kumbe kule Marekani haina bei ya maana kwa sababu wanunuzi wa kule wanalipia kile mchezaji alichokuja kufanya baadaye. Ya Curry ya msimu huohuo wa 2009-10 ndo wanayoipigania. Kwa hiyo meku wangu, ya Thabeet usihangaike kuiuza nje, mtafute Mtanzania mpenda basketi, huyo ndo atakayekupa hela nzuri, na ya Curry usimuuzie jirani kwa bei ya urafiki. Kila kitu kina mtu wake.

Bei usiichukue kwenye matangazo. Mtu anaweza kuandika dola 500 na tangazo likakaa mpaka kuku waote meno. Kwenye eBay, lile soko la mtandaoni, kuna sehemu ya kuchuja uone vilivyouzwa tayari, hapo ndo utaona watu walilipa ngapi kweli, na uangalie kadi ya hali kama yako sio ile iliyopimwa na kampuni, imekaa kwenye plastiki ngumu na alama 10. Na uzee peke yake sio bei! Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zilichapishwa kwa fujo, zimejaa kila mahali. Habari kama ya kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, ya 1952 iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022 isikupandishe presha, hiyo sio ligi yetu.

Hali ya kadi unaiangalia hivi: zima taa ya ndani, washa tochi ya simu, ishike kadi kwa pembeni uilaze kidogo kidogo mwanga upite juu yake. Mikwaruzo ambayo mchana huioni itatokea yote. Kona zikianza kuonyesha weupe, bei inashuka. Picha ikielemea upande mmoja, inashuka tena. Kuna kampuni kama PSA za Marekani zinapima kadi na kuipa alama 1 mpaka 10, ila kutuma kutoka huku, bima, ada na kurudishiwa, jumlisha kwanza. Kwa kadi ya kawaida utalipa kuliko kadi yenyewe.

Na tafadhali sana, USILEMINETI. Najua sisi kila kitu cha thamani tunakipeleka steshenari, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, leminesheni. Kadi ikishapita kwenye ile mashine ya moto imeisha, hakuna anayeweza kuitoa. Saini iliyofifia nayo usiipitishie kalamu juu ili "ionekane vizuri", hapo umeiua mwenyewe.

Saini ndo zina kazi. Kwanza hakikisha ni wino, kuna kadi nyingi saini imechapwa kiwandani pamoja na picha. Mimi niliazima lenzi ya fundi saa pale mjini, ukiangalia iliyochapwa unaona vidoti vidoti sawa na picha yote, ya wino unaona mstari umekaa juu ya karatasi na mahali kalamu ilipoanza na kukata. Pili, mnunuzi atakuuliza ulipataje, na ana haki, feki ziko nyingi duniani. Picha ya mwanariadha akikusainia, namba ya kifuani ya mwaka huo, tarehe, vyote vitunze pamoja na viende pamoja. Saini ya Filbert Bayi au Juma Ikangaa wakusanyaji wa riadha nje wanaijua uzito wake, Bayi ndo yule wa rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974, dakika 3:32.16, na Ikangaa alishinda marathoni ya New York 1989. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025, watu ambao walikuwa hawajibu meseji zangu wakaanza kunitafuta wenyewe. Ukiwa na cha mtu anayebamba wiki hiyo, uza wiki hiyo.

Hela sasa. Mteja wa hapa akikuonyesha skrinishoti ya muamala, angalia salio kwenye simu yako, meseji feki zinatengenezwa. Wa nje akikutumia "zaidi kwa bahati mbaya" afu anaomba chenji, achana naye, hiyo ni wizi wa siku nyingi. Kabla hujatangaza nje jua utapokea vipi, maana kuna huduma za mtandaoni ambazo akaunti ya hapa inalipa lakini haipokei. Mimi nilikomaa na benki, inachelewa ila inaingia.

Kufunga mzigo: mfuko laini kwanza, plastiki ngumu, kisha vipande viwili vya boksi gumu, gundi isiguse kadi. Nilikuwa natuma kwa EMS, ile huduma ya haraka ya posta, wakati mwingine mpaka posta ya Mnara wa Saa Arusha nikiwa na safari zangu, na nachukua video nikifunga ili mtu asije kusema ilifika imekunjwa. Kipindi cha masika funga na nailoni nje.

Zile za kawaida zisizo na soko usizing'ang'anie. Zangu nilimpa dogo wa gengeni aziuze moja moja kwa wanafunzi tugawane, kazimaliza, sasa kila nikipita ananiuliza mzigo mwingine unaingia lini.