Maswali na majibu: kuserereka, kuzunguka na mkono wa hatamu

Reini ni mchezo wa kupanda farasi uliotokana na kazi za wachunga ng'ombe wa Marekani, na chama chake kikuu, NRHA (National Reining Horse Association), kilianzishwa mwaka 1966. Mpandaji huingia uwanjani peke yake na kufuata mpango uliokwisha kuwekwa: miduara, mizunguko ya papo hapo, kusimama kwa kuserereka.

Farasi wangu akisimama hunyanyua kichwa na kuachama, wala haserereki. Ninunue lijamu kali zaidi?

Hapana, tafadhali. Kinywa kilichoachama kinaulalamikia mkono wako. Farasi huserereka kwa miguu ya nyuma, na ili aiingize chini ya tumbo, sharti mgongo uinuke. Ukimvuta ghafla mgongo hubonyea, miguu ya mbele hukakamaa, naye husimama kwa kudunda. Anza upya katika mwendo wa kutembea. Tamka neno la kusimama, kaa kwa uzito wote kwenye tandiko, legeza miguu yako, ngoja. Asipoitikia, hapo ndipo uinue hatamu taratibu na kumrudisha kinyumenyume hatua chache. Akishasimama kwa neno tu, rudia katika mbio ndogo, halafu mbio kamili. Huko, nyoosha mstari na uongeze kasi kidogo kidogo hadi mwisho. Farasi anayepunguza mwendo kabla hujamwambia hatafika mbali.

Viatu vya kuserereka ni lazima?

Si sharti la kanuni, ila mashindanoni hutumika sana. Hufungwa miguu ya nyuma pekee: chuma bapa, laini, chenye upana wa sentimita 2.5 hivi, vichwa vya misumari vikiwa vimesawazishwa visikwaruze ardhi. Lakini mimi ningeutazama uwanja kwanza. Chini panatakiwa pawe pagumu, pameshindiliwa sawasawa. Juu, mchanga mlegevu wa sentimita chache. Penye tope au udongo unaonasa kwato, usimserereshe kabisa, maana atakayeumia ni yeye. Na umvishe vikinga vya vifundo vya nyuma.

Mkono mmoja au miwili?

Inategemea lijamu. Lenye kiungo katikati, linalofaa farasi mchanga, huendeshwa kwa mikono miwili. Lenye vyuma virefu pembeni na mnyororo chini ya kidevu ni la mkono mmoja, na hatamu huongoza kwa kugusa shingo. Hatamu zikiwa mbili zisizounganishwa, waruhusiwa kupitisha kidole cha shahada kati yake. Ukibadilisha mkono katikati ya onyesho, unapewa sifuri.

Nimepewa sifuri kwa sababu ya mizunguko. Kwa nini?

Bila shaka ulipitiliza zaidi ya robo mzunguko. Kila mpandaji huanza na alama 70, na kila tendo huongeza au kupunguza hadi 1.5, kupitiliza kidogo hukatwa nusu alama au moja, ila ukivuka robo onyesho zima huwa sifuri. Mara nyingi mipango hudai mizunguko minne kila upande. Hesabu kwa sauti unapofanya mazoezi, na uanze kumtuliza farasi kabla hajafika mbele, kwa kuwa mwenye kasi hawezi kukoma papo hapo.