Tusiwahesabu waliolala mtaroni tu

Ukiuliza mtaani kwetu Moshi walevi ni wangapi, utatajiwa wawili watatu: yule anayelala nje ya kilabu, yule aliyeuza kihamba (shamba la ukoo) cha baba yake, na kijana mmoja wanayemwita teja. Hesabu inaishia hapo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, napita nyumba kwa nyumba, na ninavyoona, wengi wenye shida hii hawatajwi kabisa. Wanafungua duka, wanalipa ada, Jumapili wako kanisani. Lakini wanaumwa.

Kwa hiyo, acheni kuulizana nani mlevi. Hilo ni tusi, na mtu akitukanwa hujitetea. Ulizeni anakunywa mara ngapi, na kiasi gani. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT. Kila jibu lina alama 0 hadi 4, na anayefikisha 8 unywaji wake ni wa kuangaliwa. Fundi mmoja aliniambia, "Dada, mimi si mlevi. Nakunywa za jioni tu."

Jioni ngapi kwa wiki?

"Zote."

Nikafika kwenye swali la kuzimua asubuhi. Kabla hajafungua mdomo mkewe akajibu kutoka jikoni: "Kila siku, mdogo wangu. Bila hiyo mkono haushiki nyundo."

Na hesabuni vizuri. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi, yaani vipimo viwili vya kitaalamu. Anayesema "tatu tu" amekunywa vipimo sita. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inasumbua zaidi, maana kila mpishi ana mkono wake na ukali hubadilika kadiri inavyochacha. Hapo uliza lita. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 2017, ila pombe kali ya bei ya chini bado ipo, kwenye vichupa.

Wanawake ndio wanaoniumiza moyo. Mwanamume atanywa kilabuni, watu wamwone. Mama anakunywa chumbani, mlango umefungwa, kwa kuwa anajua ataitwaje. Mfuateni kwa upole, mkiwa wawili tu, tena asubuhi kabla hajanywa.

Atakayesema mnakuza mambo, mwambieni utafiti uliofanyika KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi, ulikuta karibu watatu kati ya kila majeruhi kumi wana pombe mwilini. Hao wengi si wa mtaroni. Ni waendesha bodaboda, abiria, watembea kwa miguu.

Jambo moja nawaomba sana: msimfungie ndani mtu anayekunywa kila siku ili "aache leo leo". Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla hutetemeka, hutoka jasho, na ndani ya siku mbili unaweza kupata degedege. Wengine huanza kuona vitu visivyokuwepo. Hilo linaua, na maombi pekee hayatoshi, ingawa mimi mwenyewe ni mtu wa maombi. Mpelekeni hospitali, Mawenzi au KCMC, mwombe kuonana na watu wa afya ya akili. Mwambieni daktari amekunywa nini, kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Kama anachanganya na bangi, mirungi au vidonge, semeni pia. Daktari hatawaita polisi. Anataka kujua aanze na dawa gani.