Re: Seva ya GB 4, MySQL inazimika kila usiku, memori niigawe vipi?

Waalaikum salaam ndugu. Umesema seva ni ya GB 4, tovuti ya nyumba za wageni za Paje na databesi yake ya MySQL 8.0 vyote vimo humo humo, na innodb_buffer_pool_size (memori ambamo MySQL huweka data ili isiende diski kila mara) umeiweka GB 3 kwa sababu umesoma kuwa databesi ipewe asilimia 70 hadi 80 ya memori. Hiyo asilimia ni ya mashine isiyokuwa na kazi nyengine ila databesi. Yako ina PHP pia, ile inayotengeneza kurasa za tovuti.

Kwanza soma kumbukumbu za kerneli, yaani kiini cha Linux: andika dmesg -T | grep -i killed. Ukikuta mysqld (ndiyo MySQL yenyewe) imetajwa, basi Linux ndiyo iliyoiua. Memori ikimalizika, kerneli huchagua prosesi (programu inayofanya kazi) ya kuondoa, na aghalabu ni ile inayokula zaidi, hata kama aliyeleta balaa ni mwengine.

Ndiyo maana mimi hesabu naianzia kwa PHP. Natunza tovuti kadhaa za hoteli na watembeza watalii hapa Unguja, na msongamano wetu huja baada ya magharibi, Juni hadi Oktoba, Wazungu wakishatoka kazini na kuanza kutafuta vyumba. Pima saa hizo, maana asubuhi seva zote huonekana nzima. Tuseme kila prosesi ya PHP-FPM (inayoendesha PHP) inakula MB 80 na pm.max_children, yaani ukomo wa idadi ya prosesi hizo, ni 20: hiyo MB 1,600. Mfumo na Nginx (inayopokea maombi ya wageni wa tovuti) waachie MB 500. Kilichobaki hakifiki GB 2, na wewe umeshaahidi GB 3!

Halafu data yenyewe ina uzito gani? Jumlisha data_length na index_length kwenye information_schema.tables. Ikiwa ni MB 600, innodb_buffer_pool_size weka MB 768, yote itaenea. Ikiwa ni GB 5, anza na GB 1 utazame. Huna haja ya kuzima MySQL. Amri ya SET GLOBAL ndani yake inatosha kwa majaribio, kisha uandike kwenye faili la mipangilio.

Wengi wanaposahau ni hapa: sort_buffer_size na join_buffer_size (memori za kupanga data na kuunganisha jedwali) si za pamoja. Kila muunganisho huchukua zake unapozihitaji, kama abiria wa daladala anayepanda na gunia lake. Kama umezipandisha hadi MB 16, zirudishe KB 256 zilizokuja nazo. Na max_connections (ukomo wa miunganisho) ya 151 ya nini, ikiwa PHP zako ni 20? Weka 40.

Query_cache_size (ya kuhifadhi majibu ya maswali ya databesi) usiinakili kutoka kurasa za zamani. Imeondolewa kwenye 8.0, na ukiiandika MySQL haiwaki kabisa. Swapu (sehemu ya diski inayosaidia memori ikijaa) ya GB 1 iwepo kwa dharura tu.

Ukishabadilisha, subiri usiku mmoja wa msongamano upite, kisha linganisha Innodb_buffer_pool_reads na Innodb_buffer_pool_read_requests. Ya kwanza ndiyo safari za kwenda diski. Ikiwa chini ya asilimia 1 ya ya pili, usiongeze kitu. Ikizidi, zilete namba hapa pamoja na mistari ya dmesg tuzitazame.