Propela haitaki kunyooka, inataka pembe zilingane

Mnaotoka chuo cha Mafunzo ya Amali pale Mwanakwerekwe, Unguja, mkaingia gereji, mtaletewa gari iliyoshushwa springi, inayotetema nyuma, na mtatamani kuinyoosha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) iwe mstari mmoja kutoka giaboksi mpaka difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi za nyuma). Msithubutu. Krosi, yaani kiungo cha msalaba kwenye kila ncha ya propela, isipokuwa na pembe, sindano za beringi zake hazizunguki, hugonga pale pale mpaka zikachimba vijishimo. Ipe angalau nusu digrii, na kwa gari ya mbio isizidi kama digrii 3.

Krosi ikiwa na pembe, mwendo hauendi sawa: kila mzunguko shafti hukaza mwendo mara mbili na kuulegeza mara mbili. Krosi ya upande wa pili, ikiwa na pembe ile ile, huifuta kasoro hiyo. Kwa hiyo kabla ya kufungua propela tieni alama ya rangi kila pahala, hata kwenye meno ya shafti yanayoteleza. Jino moja likiruka, uma zinazoshika krosi za pande mbili hazitakaa tena usawa mmoja, na utapima pembe mpaka magharibi bila ya kupata kitu.

Kwanza lakini hakikisheni tatizo ni la pembe. Nendeni barabara ya Tunguu, pahala palipo laini. Shikeni mwendo ule ule, badilisheni gia: mtetemo ukibaki, injini haina kosa. Ukija unapokanyaga mafuta na kuondoka unapoachia, hapo itazameni difu. Tairi mbovu hutikisa polepole. Propela huvuma haraka, maana huzunguka mara kadhaa kwa mzunguko mmoja wa tairi.

Chukua Toyota Corolla AE86, iliyotengenezwa 1983 mpaka 1987. Ekseli yake ya nyuma ni kipande kimoja, imeshikwa na rodi nne za urefuni na moja ya kukingama. (Toyota Mark II nyingi difu yake imefungwa kwenye bodi, huko angalieni zaidi beringi ya katikati ya propela.) Ipime ikiwa imebeba uzito wake, juu ya shimo, au stendi ziwe chini ya ekseli yenyewe. Ekseli ikining'inia, namba zote ni za uongo.

Anza na rodi ya kukingama, kwani gari ikishushwa rodi hiyo husukuma ekseli upande mmoja. Usipime kwa madigadi. Gari tunazopokea kutoka Japani huenda zimeshawahi kugongwa. Teremsha timazi kutoka kwenye chasisi, chora sakafuni kwa chaki, kisha pima pia mishazari, ujue kama ekseli imekaa mraba. Isipokaa mraba gari hutembea kama kaa, na usukani hukaa upande hata barabara ikiwa imenyooka. Hiyo hurekebishwa kwa rodi za chini.

Halafu pua ya difu, yaani mbele yake inapofungwa propela. Tuseme giaboksi inateremka nyuma digrii 3 na propela inateremka 5: krosi ya mbele ina 2. Pua ya difu ikiinuka 3, krosi ya nyuma nayo ina 2. Lakini ukikanyaga mafuta pua huinuka zaidi, basi iache chini kidogo, digrii 1 hivi kwa gari ya rodi. Springi bapa hujipinda zaidi, nazo hutaka kabari ya kuinamisha ekseli iliyo kubwa zaidi. Ukifupisha rodi mbili za juu pua hushuka, ukizirefusha hupanda. Zote mbili kwa kipimo kimoja.

Hewa yetu ya chumvi hushikamanisha boliti na bushi, basi wekeni bushi mpya tayari kabla ya kuanza. Na boliti za rodi zikazwe mara ya mwisho gari ikiwa imesimama kwa matairi yake. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira wa bushi hukaa umesokotwa na gari hairudi kwenye kimo ulichokipimia.